Mara ya Kwanza Kula Kiburma na Wenzako: Cha Kuagiza, Namna ya Kula na Makosa ya Kuepuka

Kila mwisho wa mwezi napigiwa simu za aina moja. Mtu amealikwa mgahawani na wenzake wa kazini kutoka Myanmar, au ameuona mgahawa wa Kiburma karibu na kwake na anataka kwenda na rafiki zake, naye anauliza: Kule kuna nguruwe? Ni kweli wanakula majani ya chai? Ile harufu ni ya nini? Niagize nini nisije nikapoteza pesa yangu?

Naishi Indianapolis, upande wa kusini, ambako Wachin kutoka magharibi mwa Myanmar wapo kwa maelfu. Waswahili tuliofika hapa, hasa ndugu zetu wa Kongo, tumejikuta tukipanga nao nyumba za jirani, tukifanya nao kazi ghala moja, watoto wetu wakipanda basi moja la shule. Hata hivyo wengi wetu tunamaliza miaka mitano bila kuonja chakula chao. Linanisikitisha jambo hilo, maana sijaona chakula cha ugenini kinachotuelekea kama hiki. Kuna wali na mchuzi, tui la nazi, ukwaju, ndimu, bajia, sambusa, chai ya maziwa, na kwa jadi yao kinaliwa kwa mkono wa kulia, sahani zikiwa katikati.

Basi nimeandika hatua zote hapa. Ukisahau nyingine zote, shika hii moja: agizeni kwa meza, si kila mtu na sahani yake.

Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka

- Watu wanne hadi sita. Ukienda peke yako utaonja vitu viwili tu, na huenda ukaangukia viwili visivyokufaa.
- Orodha ya nani hali nini: nguruwe, ng'ombe, karanga, kamba, pilipili. Iulizie nyumbani, msianze kuulizana mbele ya mhudumu.
- Simu moja kwa mgahawa. Uliza saa zao, na kama siku hiyo kuna mohinga, tambi za mchuzi wa samaki. Kwa Waburma mohinga ni chakula cha asubuhi, kwa hiyo migahawa mingi huipika mwisho wa wiki tu, na ikiisha imeisha.
- Fedha taslimu kidogo, ikiwa ni mgahawa mdogo wa familia.
- Njaa. Usile chochote kizito kabla.

Juu ya jina: nchi ilibadilisha jina lake rasmi la kimataifa mwaka 1989, kutoka Burma kuwa Myanmar. Kwenye mabango ya migahawa utakuta yote mawili, na chakula ni kile kile. Wazee wetu waliijua nchi hiyo kwa jina la Burma. Mwaka 1944 askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana huko ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita Bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa. Kama kwenu kulikuwa na babu aliyekwenda vita hiyo, wasimulie wenyeji wako mezani. Mimi nimeona mazungumzo yakifunguka kwa njia hiyo.

Hatua ya 1: Jifunze maneno machache ya menyu

Menyu ya Kiburma inatisha kwa sababu majina ni marefu, lakini yameungwa kwa vipande vichache vinavyojirudia. Vijue hivi:

- *htamin* – wali
- *hin* – mchuzi au rosti
- *thoke* – kitu kilichochanganywa, yaani saladi
- *khauk swe* – tambi
- *kyaw* – cha kukaanga
- *kyet* – kuku. *Nga* – samaki. *Pazun* – kamba. *Tha* – nyama
- *ame tha* – nyama ya ng'ombe. *Wet tha* – nyama ya nguruwe. *Seik tha* – nyama ya mbuzi

Sasa ukiona *kyet tha hin* umeshajua: mchuzi wa kuku. *Pazun hin* ni mchuzi wa kamba. Herufi *ky* hutamkwa karibu na ch, kwa hiyo ni "chet tha". *Th* ni ile ile ya thelathini, na hapo Mswahili ana bahati kuliko wageni wengi. *Ph* haisomwi kama f, ni p yenye pumzi.

Angalizo: kila mgahawa una tahajia yake. Lahpet, laphet, lephet ni kitu kimoja, yale majani ya chai. Mohinga na mohingar vivyo hivyo. Ukikosa neno, litamke. Litajitambulisha kwa sauti.

Hatua ya 2: Pita kurasa za mbele

Migahawa mingi ya Waburma ughaibuni huweka pia vyakula vya Kithai na vya Kichina ili kuvuta wateja, tena huviweka mwanzoni. Watu hukaa, hufungua ukurasa wa kwanza, huagiza wali wa kukaanga na kuku wa sukari, kisha hurudi nyumbani wakisema chakula cha Kiburma hakina tofauti na cha Kichina. Hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko mengine yote. Nenda kurasa za nyuma, au mwambie mhudumu waziwazi kwamba mmekuja kula chakula cha kwao.

Tena, ukimwita, mwite kwa heshima ya kindugu kama tunavyofanya kwetu. Mwanamume mwite *ako*, kaka. Mwanamke *ama*, dada. Salamu ni *mingalaba*. Huko Myanmar kwenyewe wateja wa vibanda vya chai humwita mhudumu kwa sauti ya midomo, kama busu. Usiige. Kwa mgeni inageuka dharau.

Hatua ya 3: Sema mapema usichokula

Waislamu, sikilizeni hapa. Nguruwe yupo katika migahawa mingi ya Kiburma, na zaidi katika ya Wachin, ambao wengi wao ni Wakristo. Pia kuna tambi zinazochanganywa na mafuta ya nguruwe bila nyama yake kuonekana, kwa hiyo usiulize nyama peke yake, uliza na mafuta. Sentensi ya kushika ni *wet tha ma sa bu*: sili nguruwe. Njia salama zaidi ni kutafuta mgahawa wa Waislamu wa Myanmar. Wapo, na mara nyingi sahani yao ya kujivunia ni *danbauk*, biriani ya kuku ambayo jina lake lina asili ya Kiajemi. Ukiila utajua umefika kwa jamaa.

Asiyekula nyama aseme *thet that lut*, maana yake kisicho na uhai uliotolewa. Aongeze kwamba hataki uduvi wala maji ya samaki, maana hivyo hutiwa hata kwenye mboga na saladi.

Mwenye mzio wa karanga au kamba asione haya kurudia mara mbili. Karanga zilizosagwa na uduvi wa unga hunyunyizwa juu ya sahani nyingi sana, wakati mwingine bila kuandikwa kwenye menyu.

Usishangae ukimwona Mburma asiyegusa ng'ombe. Wabudha wengi humwacha kwa kumheshimu mnyama anayelima shamba.

Hatua ya 4: Agizeni kwa meza

Mlo wa Kiburma hauna sahani ya kwanza, ya pili na ya tatu. Vyote huletwa pamoja, kila mtu akiwa na wali wake, na vingine huwekwa katikati. Kwa watu wanne, hesabu yangu ni hii:

1. Saladi mbili, moja iwe ya majani ya chai.
2. Michuzi miwili, wa kuku na wa samaki au kamba.
3. Mboga moja ya majani.
4. Bakuli moja la tambi la kuonja wote.
5. Supu moja nyepesi, kama haiji bure pamoja na wali.
6. Wali.

Kwa kila watu wawili wanaoongezeka, ongeza sahani moja ya katikati, ya kitu tofauti. Msiongeze mchuzi wa pili wa kuku.

Mboga ninayoipigania ni *chin baung kyaw*. Haya ni majani ya choya, mmea ule ule tunaotengenezea juisi nyekundu, yamekaangwa na uduvi, vitunguu na mara nyingi machipukizi ya mianzi. Yana uchachu mkali. Mkongo hahitaji maelezo: ni ngai-ngai. Nimeona mama mmoja wa Uvira akionja kijiko cha kwanza akanyamaza kabisa, halafu akaomba sahani nzima iwe yake.

Na mkiwa kwa Wachin, ulizeni *sabuti*: mahindi yaliyokobolewa, yamechemshwa muda mrefu na nyama ya ng'ombe na matumbo. Aliyekulia makande atajikuta nyumbani.

Hatua ya 5: Anzeni na majani ya chai

*Lahpet thoke* ndiyo sahani ya kujulishia. Majani machanga ya chai huvundikwa kwa miezi hadi yachachuke, kisha hukandwa na mafuta, kitunguu saumu na chumvi. Waburma wana msemo kwamba katika matunda bora ni embe, katika nyama bora ni nguruwe, na katika majani bora ni lahpet. Sisi tunaotoka nchi za chai, Kericho, Mufindi, Rungwe, hatukuwahi kufikiria kwamba jani lile linaweza kutafunwa.

Italetwa ikiwa mafungu mafungu kwenye sahani: majani katikati, pembeni karanga, ufuta, dengu na maharage ya kukaanga, vitunguu saumu vya kukaanga, nyanya, kabichi, wakati mwingine uduvi. Fanya hivi:

1. Itazame kwanza, piga picha ukitaka.
2. Kamulia ndimu.
3. Changanya yote, mpaka kila kitu kipakwe yale majani. Mara nyingi mhudumu atakuchanganyia mwenyewe.
4. Kula mara moja, vile vya kukaanga vikiwa bado vinaalika mdomoni.

Makosa mawili: la kwanza ni kuchota fungu la majani peke yake na kulitia mdomoni. Utakuta uchungu na chumvi tupu, na utaichukia sahani isiyo na kosa. La pili ni kuiacha isubiri. Baada ya dakika ishirini imelowa.

Jambo la tatu si kosa ila ni tahadhari: ile ni chai kweli, ina kafeini. Ukila nyingi saa tatu usiku utahesabu mabati.

Kwa mwenzenu mwoga, au mtoto, ongezeni *samusa thoke*. Ni sambusa zilizokatwakatwa na kuchanganywa na kabichi, vitunguu, majani ya mnanaa na uchachu wa ukwaju au ndimu.

Hatua ya 6: Bakuli la tambi

Mkiwahi asubuhi, agizeni mohinga. Ni tambi nyembamba za mchele ndani ya mchuzi mzito wa kambare, wenye mchaichai, tangawizi, manjano na kitovu cha shina la mgomba kilichokatwa vipande. Unaounenepesha mchuzi ni unga wa mchele uliokaangwa au unga wa dengu. Kambare hamtamwona, ameshavunjwavunjwa humo ndani. Juu huja yai la kuchemsha, kotmiri, na bajia za mumunye au za dengu.

Onja mchuzi mtupu kwanza. Kisha ndimu. Pilipili ya unga iwe ya mwisho, kwa sababu haitoki ikishaingia. Bajia zivunje kidogo kidogo unavyokula, usizizamishe zote kwa pamoja.

Mkichelewa na mohinga imekwisha, agizeni *ohn no khauk swe*. *Ohn no* ni tui la nazi. Tambi za ngano, kuku, tui, unga wa dengu, na juu tambi nyingine zilizokaangwa zikakauka. Mtu wa Pwani anayejua kuku wa kupaka atahisi mkono wa nyumbani. Wahindi walioishi Burma walipohama waliondoka na chakula hiki, na hadi leo Karachi kinapikwa majumbani kwa jina la khow suey.

Tambi za supu huliwa kwa vijiti na kijiko kipana. Usipoweza vijiti, omba uma. Hakuna atakayekuangalia vibaya.

Hatua ya 7: Wali na michuzi

Hapa ndipo watu hukunja uso: "Mafuta mengi!" Ni kweli, mchuzi wa Kiburma huja na tabaka la mafuta juu. Upishi wao ni kukaanga vitunguu, saumu, tangawizi, manjano na pilipili, kupika mpaka maji yaishe na mafuta yarudi juu. Hiyo ndiyo dalili kwamba mchuzi umeiva, na mama zetu nao husubiri mafuta yaelee kabla ya kuepua. Zamani tabaka hilo pia lilisaidia chakula kisiharibike upesi, maana mchuzi hupikwa asubuhi na kuuzwa siku nzima. Kwa hiyo pia usishangae ukiletewa mchuzi wa vuguvugu.

Namna ya kula:

1. Mpakulie kwanza aliye mkubwa mezani. Kwao tonge la kwanza ni la mkubwa, na wapo wanaoliweka kando hata mzazi asipokuwepo.
2. Pita chini ya mafuta na kijiko, chota nyama na rojo.
3. Weka kidogo pembeni ya wali. Usiujaze wali kwa michuzi yote mara moja, utapoteza ladha ya kila mmoja.
4. Kunywa supu katikati ya matonge. Ndiyo inayoshusha mlo, huna haja ya soda.

Kijiko mkono wa kulia na uma wa kushoto ni kawaida siku hizi. Ukipenda kula kwa mkono, nawa na ule, mwenyeji wako atafurahi.

Hatua ya 8: Ngapi, ile harufu

Swali la harufu jibu lake ni *ngapi*, samaki au uduvi waliotiwa chumvi, wakachachushwa na kupondwa. Waswahili tusijifanye wageni. Aliyekulia Pwani anajua papa mkavu akichomwa nyumba ya tatu, na Mkongo anajua makayabu.

Huletwa kama mchuzi mwepesi wa kuchovya, *ngapi yay*, na sahani ya mboga: matango, bamia, biringanya, majani mabichi. Chovya ncha ya tango, weka juu ya wali, kula pamoja. Usinywe kama supu. Nilimwona kijana akifanya hivyo na akaacha chakula chote. Ikikushinda, anza na *balachaung*, uduvi waliokaangwa na saumu na pilipili mpaka wakauke. Mimi hula wali mtupu na hiyo nikashiba.

Hatua ya 9: Chai, kitamu na bili

Malizieni na *laphet yay*, chai nzito yenye maziwa ya kopo. Ukisema *cho seint* utapata tamu yenye maziwa mengi. *Kya seint* ni kali zaidi. Agiza *palata* moja ya kuchovya, ni chapati ya tabaka tabaka. Faluda ipo, kama ya Mombasa na Unguja. *Shwe yin aye* ni tui baridi lenye sago na vipande vya jeli, na mara nyingi kipande cha mkate juu, jambo linaloonekana geni mpaka mkate unywe tui.

Kubalianeni habari ya malipo kabla ya kukaa. Ukialikwa na Mburma, jiandae kuona anakimbilia bili mwenyewe. Hapa Marekani ongezeni bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Kushukuru ni *kyay zu tin ba de*.

Mambo yakienda kombo

*Pilipili imenizidi.* Acha maji. Kula wali mtupu, kisha vijiko viwili vya chochote chenye tui. Kwa kawaida michuzi yao si mikali sana, moto uko kwenye vibakuli vya pembeni.

*Kila kitu ni kichachu.* Mmeagiza saladi mbili, choya na supu chachu kwa pamoja. Ongezeni mchuzi wa kuku au tofu ya Kishan (ya Washan, kabila la mashariki mwa Myanmar) ya kukaanga, ambayo haina soya, imetengenezwa kwa unga wa dengu.

*Mmoja wetu hali chochote.* Mwagizieni palata na chai. Mwacheni atazame. Mara ya pili atakula.

*Nimekula tambi, kumbe zilikuwa na nyama nisiyoila.* Usimgombeze mhudumu. Mwite kando, mweleze, na safari ijayo anza na Hatua ya 3 kabla hata ya kufungua menyu.

*Tumbo limechafuka usiku.* Mara nyingi ni mafuta, kwa mtu ambaye hajayazoea. Safari ijayo chota kwa chini na uongeze mboga.

*Chakula kimebaki.* Michuzi chukueni, kesho itakuwa mitamu zaidi. Mohinga ombeni mchuzi na tambi kwenye vyombo viwili, zikikaa pamoja zitavimba na kuwa uji. Saladi iliyokwisha kuchanganywa haibebeki, imalizeni pale pale.